Siku ya Mapumziko katika Safari ya Baiskeli

 

Tuseme kijana wako amejiunga na wenzake kuendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa karibu kilomita 480. Baada ya siku kadhaa wanafika Mtito Andei, katikati ya njia, na ratiba inasema: leo ni mapumziko. Wazazi wengi huiona siku hiyo kama ya bure, na hata kuuliza kwa nini wasimalize safari wakarudi nyumbani. Lakini hiyo ndiyo siku ambayo mwili hufanya kazi kubwa zaidi.

Mtu anapoendesha kwa saa nyingi, nyuzi za misuli huchanika kidogo kidogo, na akiba ya nguvu iliyo kwenye misuli na ini hupungua sana. Misuli haijengeki juu ya baiskeli. Hujengeka mtu anapolala na anapokula. Hata mabingwa hawalikwepi jambo hili. Mashindano ya Tour de France huwa na hatua 21 ndani ya siku 23, na siku 2 zinazobaki ni za mapumziko. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuyashinda mara 4, alizihitaji kama wengine. Siku hiyo waendeshaji hao hujinyoosha kwa saa moja au mbili, polepole, kisha hurudi kupumzika. Vijana wetu, kwa upande mwingine, wakiambiwa wapumzike hutafuta mpira na kucheza na wenyeji juani mpaka jioni! Mwombe kiongozi wa safari awakataze.

Chakula kiwe kingi kuliko kawaida: ugali au wali, chapati, ndengu au maharagwe, mayai, maziwa, ndizi. Uji wa asubuhi usikosekane. Kuhusu maji, kipimo rahisi ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, anakunywa vya kutosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea, aongeze. Aliyetoka jasho sana asinywe maji matupu lita baada ya lita, kwani chumvi ya mwili huzimuka. Ale chakula chenye chumvi, au atumie maji uliyozoea kumpa mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kijana hatakwambia. Kiti cha baiskeli huchubua mapaja na makalio, na mahali hapo hutoka vipele na hata majipu. Kijana huona haya. Tena anaogopa wenzake watamwacha, kwa hiyo husema, "Niko sawa, mama." Hivyo basi, ukimpigia simu siku ya mapumziko, usimuulize kama ni mzima. Muulize: Umechubuka wapi? Goti lipi linauma? Vidole vina ganzi? Mkojo wako una rangi gani? Umelala saa ngapi? Palipochubuka paoshwe kwa sabuni na maji safi, pakauke vizuri, na avae nguo safi iliyo kavu. Jipu lisitumbuliwe.

Miguu yote miwili ikiuma sawasawa, huo ni uchovu na utapungua. Maumivu makali ya mahali pamoja, hasa gotini, si uchovu. Kijana huyo asipande baiskeli kesho yake. Mwambie mapema, kabla hata hajaondoka nyumbani, kwamba kurudi kwa basi si aibu, na umpe nauli ya akiba aiweke kando. Vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen visimezwe ili aendelee na safari. Mwili uliokaukiwa na maji ukipewa dawa hizo, figo zinaweza kuumia.

Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au kijana akichanganyikiwa, akipata joto kali la mwili au maumivu ya kifua, hakuna kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Jambo jingine ni mbu. Mtito Andei iko chini kuliko Nairobi na kuna joto, na unavyozidi kushuka kuelekea Pwani ndivyo hatari ya malaria inavyoongezeka. Kijana abebe neti, na jioni ya mapumziko avae nguo ndefu badala ya kukaa nje na kaptura. Malaria haionekani siku hiyo hiyo. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi baada ya kuumwa. Basi akirudi nyumbani, na wiki moja au mbili baadaye apatwe na homa, usiseme ni uchovu wa safari. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, ueleze alikolala njiani, na damu ipimwe kabla hujanunua dawa yoyote dukani.