Kibandiko cha 2.8 Kinaficha Nini?

Wiki ya boom nilimsindikiza dogo mmoja wa mwaka wa kwanza Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kununua laptopu. Muuzaji akaweka mbili mezani. Moja mpya, bado ina nailoni, ndani Celeron N4020. Nyingine mtumba, kona imechubuka, ndani Core i5-8250U. Mtumba ilizidi bei kwa elfu thelathini.

"Chukua mpya mdogo wangu, hii inaenda 2.8, ile 1.6 tu."

Hapo ndipo wengi tunapopigwa, bila muuzaji kusema uongo. 2.8 GHz ni N4020 ikikimbia kwa pumzi moja. Mwendo wake wa msingi ni 1.1. Ile 1.6 ya i5 ndiyo ya msingi, ikikimbia inafika 3.4. Tena N4020 ina kori mbili. I5 hii ina nne, zinazoshika kazi nane kwa mpigo.

Celeron siyo feki, imetengenezwa kufuata bei. Prosesa hukatwa kwenye sahani ya silikoni kama maandazi kwenye donge lililosukumwa: kipande kikiwa kidogo, unapata vingi, na kila kimoja kinashuka gharama. Basi kori zinapunguzwa, na kache pia, yaani kile kihifadhi kidogo cha ndani ya prosesa. N4020 ina MB 4, i5 ile MB 6. Celeron ya kwanza kabisa, mwaka 1998, Intel waliiondolea kache ya ngazi ya pili yote! Ikawa nzito, na mwaka huohuo wakatoa 300A yenye KB 128.

Umeme nao umebanwa, wati 6 dhidi ya 15. Hiyo ni faida, nyingi hazina hata feni. Mtu wa kuchapa asaimenti na kusoma PDF tu, sina ugomvi naye. Dogo anasoma takwimu.

Kilichonitoa pale ni ubao, siyo prosesa. Kwenye ile mpya ram GB 4 imechomelewa, na hifadhi ni eMMC ya GB 64, nayo imechomelewa. Windows ikishakaa, unabaki unafuta picha. Ile ya mtumba fundi aliifungua mbele yetu: nafasi mbili za ram, SSD ya kuchomoa. Mwaka wa tatu ukibana, unaongeza.

Mtumba nao usiuvamie. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, ile 8, ni kizazi. Ingekuwa 6 ningekataa, maana Windows 11 haiitambui rasmi, na Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Tukachomoa chaja, tukaiacha inacheza video dakika ishirini huku tunakunywa juisi ya miwa. Betri ikashuka asilimia 30. Muuzaji akaangalia pembeni, kisha akatoa elfu arobaini kwenye bei.

Dogo akalipa. Ila kwenye daladala bado alikuwa anaisikitikia ile nailoni.