Mabehewa ya Gari la Moshi

Leo tutasoma habari za mabehewa. Sikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaokaa kando ya Reli ya Kati, kama wenzetu wa Tura.

Zamani misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipumzika Tura. Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua mzigo". Mpagazi mmoja alichukua kilo 32 hivi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Behewa la tani 30 huchukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 900!

Lakini mabehewa si ya namna moja.

La kwanza ni behewa la abiria. Lina madirisha na viti. Mengine yana vitanda, kwa sababu kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni kilomita 1,250 hivi, na abiria hulala njiani.

La pili ni behewa lililofunikwa. Lina paa na milango, ili mvua isiharibu mpunga, karanga, tumbaku au saruji.

La tatu ni behewa la wazi, lisilo na paa. Hutiwa kokoto na magogo.

La nne ni behewa la mifugo. Mbavu zake zina nafasi za kupitisha hewa. Ng'ombe wakifungiwa katika behewa la magunia, huweza kufa kwa joto.

La tano ni behewa la tangi, mfano wa pipa lililolazwa. Huchukua petroli na dizeli. Msilikaribie na moto wala sigara, hata likiwa tupu. Mvuke wa petroli hubaki ndani, nao hulipuka.

Sasa, kusoma kwenu kutafaa nini? Ubavuni mwa kila behewa pameandikwa namba yake. Ukipeleka mzigo, isome namba hiyo, kisha iandike katika daftari lako pamoja na tarehe. Mzigo ukichelewa au ukipotea, usiseme tu, "Ulipakiwa katika behewa jekundu." Mabehewa mekundu ni mengi, namba ni moja.

Kazi ya leo: Andikeni majina ya mabehewa matano. Kila jina liandikieni mzigo wake.

Kwaherini.