Ini na Namba Zake Nane

Wanangu, mkitumwa buchani kununua ini la mbuzi, mwombeni muuzaji alikate mbele yenu, kisha tazameni pale kisu kilipopita. Mtaona matundu. Mengine yako peke yake, mengine yamebanana ndani ya utando mmoja. Ni midomo ya mishipa, na humo ndimo ilimo hadithi yetu.

Zamani wataalamu wa maumbile ya mwili waligawa ini la binadamu kwa kulitazama kwa nje. Mbele yake pana utando mwembamba unaolishikiza kwenye ukuta wa tumbo. Wakasema huo ndio mpaka: huku kulia, huku kushoto. Kumbe damu haikuujua mpaka huo! Mwaka 1897 daktari Mskoti, James Cantlie, alieleza habari za ini la maiti lililosinyaa upande mmoja. Mpaka wa kusinyaa ulianzia kwenye mfuko wa nyongo, ukapanda hadi karibu na vena kubwa irudishayo damu moyoni. Ule utando ulikuwa kando kabisa.

Kisha akaja Claude Couinaud, mpasuaji wa Paris. Alijaza plastiki katika mishipa ya maini ya maiti, akaiacha igande, halafu akaiyeyusha nyama yote kwa tindikali. Ikabaki mishipa mitupu, kama mti uliopukutika majani. Hapo akaona: matawi yamejigawa makundi manane, na kila kundi lina tawi lake la vena iletayo damu kutoka utumboni, ateri yake na mrija wake wa nyongo. Hakuyatungia majina ya sura. Aliyapa namba za Kirumi, I hadi VIII, na mwaka 1957 akayachapisha kitabuni. Namba I imejificha nyuma. II na III ziko kushoto.

Kwangu mimi, huo ndio ugawaji wa haki, maana unafuata njia ya damu. Na faida yake ni kubwa. Mtoto ini lake likiharibika, mzazi anaweza kumpa kipande chenye namba II na III. Wapasuaji hukitoa pamoja na mishipa yake, wakakiunga kwa mtoto. Kipande hicho hukua pamoja na mtoto, na ini la mzazi nalo huongezeka tena, hata likakaribia ukubwa wake wa awali.