Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Habari za Kufufua Mashua Iliyoachwa Pwani

Katika vijiji vya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, huonekana mashua iliyolazwa chini ya minazi, imeinamia ubavu mmoja, mbao zake zimeachana, na kuku wataga ndani yake. Pengine mwenyewe amefariki, na warithi wake wamekwenda mjini. Pengine fedha ya kununulia mbao ilikosekana mwaka mmoja, na mwaka ule ukawa mitano. Wapita njia husema, "Hiyo ni kuni tu." Lakini fundi wa vyombo akipita husimama, akainama, akachungulia chini, akagonga hapa na hapa, ndipo asemapo neno lake, na mara nyingi neno lake si lile la wapita njia.

Twapenda kueleza hapa jinsi mashua ya namna hiyo ifufuliwavyo, kwa taratibu ya kazi na kwa maneno ya kazi. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mashua kwa mvuvi ni shamba lake na ghala yake. Ikitengenezwa vema huwalisha watu wa nyumba nzima, na ikitengenezwa kwa uso tu huwazamisha. Pili, maneno ya mafundi hawa ni sehemu ya lugha yetu ambayo vitabu vya shule havikuikusanya yote, na mwalimu aliye mbali na bahari huyatumia mara nyingi asijue yalikotoka.

I. Kuunda, na viungo vya mashua

Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, chombo huundwa. Kuunda, kwa maana yake ya zamani, ni kazi ya miti, hasa ya vyombo: kutwaa miti iliyo mbalimbali na kuiunga hata iwe mwili mmoja. Leo twasema kuunda chama, kuunda serikali, na muundo wa sentensi. Maneno hayo yote yamekopwa katika kiwanja cha fundi wa vyombo. Na mithali yasema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," yaani, vitu vizuri havikujileta vyenyewe. Nyuma yake pana kazi ya mtu.

Mwili wa mashua ni huu. Mkuku ndio uti wa mgongo, nao hulala chini tangu omo, yaani mbele, hata tezi, yaani nyuma. Katika ncha zake husimamishwa fashini mbili, ya mbele na ya nyuma, na hiyo ya nyuma ndiyo iuchukuayo usukani. Mataruma ni mbavu zake, na mbao hupigiliwa juu yake kwa nje. Ndani, juu ya mataruma, hulala mti mnene uitwao mwashiri, ndimo likaamo shina la mlingoti. Mahali pa chini kabisa, maji yakusanyikapo, ndipo ngama.

Yafaa kujua ya kuwa fundi wa kwetu, kwa desturi, haundi kwa mchoro wa karatasi. Kipimo ki katika macho na mikono yake, naye alikipokea kwa mwalimu wake kwa kushika tezo karibu naye miaka mingi. Kwa sababu hii mashua kuukuu ndiyo mchoro wake yenyewe. Mtu akiibomoa yote kwa mara moja, hana tena pa kutazamia sura yake. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu: kinachotunzwa kwanza ni umbo, si mti. Mti mbovu waweza kupata badala yake, lakini umbo likipotea, fundi ataunda mashua nyingine, wala hataifufua ile.

II. Adui za mashua iliyolala

Wengi hudhani bahari ndiyo iozeshayo mashua. Sivyo hasa. Maji ya chumvi huuzuia ukungu ulao mti, bali maji ya mvua huulea. Mashua iliyoachwa wazi masika mawili matatu huoza pale maji matamu yatuamapo: vichwani mwa mataruma, chini ya mwashiri, na ngamani.

Adui wa pili ni jua. Hukausha mbao hata zikanywea, pamba iliyozibia ikatoka, na nuru ikaonekana kati ya ubao na ubao. Jambo hili latisha macho kuliko yote, lakini kwa kweli ndilo dogo kuliko yote, kama tutakavyoona.

Wa tatu ni kutu. Msumari wa chuma hulika polepole ndani ya mti, kichwa chake kikaonekana kizima na mwili wake umekwisha. Na kutu yenyewe huharibu mti uliouzunguka.

Wa nne ni yule mla mbao wa baharini, ambaye wataalamu humwita teredo. Watu humhesabu kuwa mdudu, lakini kwa asili ni wa jamii ya chaza na kome. Huingia katika ubao akiwa mdogo sana, kwa tundu kama la ncha ya sindano, kisha hukua humo ndani akichimba njia yake. Kwa nje ubao waonekana mzima, na ndani umekuwa kama sega la nyuki. Hawezi kuishi mahali pakavu. Mashua ikikaa sana pwani hufa, lakini njia alizochimba hazifi pamoja naye.

III. Kuikagua

Mashua ikiwa ingali majini au matopeni, hungojewa bamvua, ndiyo siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Huko Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Wakati wa kujaa hukokotwa juu kadiri iwezekanavyo, na maji yakipwa hupwelewa, ikategemezwa kwa magogo pande zote mbili ili isilale ubavu na kupinda.

Basi fundi aanze wapi? Mithali nyingine ya mabaharia yajibu: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Watu huitumia kwa mtu azungukaye huko na huko na mwisho wake hurudi pale pale palipompasa, lakini kwa fundi ni amri ya kazi. Haanzi na ubavu unaoonekana, wala na rangi. Husafisha ngama kwanza, akaondoa mchanga, majani na uchafu wote, kwa maana ubovu hujificha chini ya taka.

Kisha hugonga kila mti kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mti mzima hutoa mlio mkavu. Mti mbovu hutoa mlio mzito usioitika. Panapo shaka hutia ncha ya kisu: ikizama bila kushindana, mti huo umekwisha, ujapokuwa na uso mzuri. Hutazama zaidi mguu wa mlingoti, maungio ya mkuku na fashini, na ubao wa kwanza ulio karibu na mkuku. Mwisho husimama mbali, tezini, akautazama mkuku kwa jicho moja kama apimaye kamba iliyonyoshwa. Mkuku ukiwa mzima na umenyoka, na fashini zimeshika, mashua hiyo yafaa kufufuliwa, hata ikiwa nusu ya mbao zake zimeoza. Mkuku ukiwa umevunjika au umepinda sana, fundi mwaminifu humwambia mwenyewe kweli, ijapokuwa kwa kusema hivyo hujinyima kazi.

IV. Kazi ya miti

Hapa kanuni ya umbo huonekana kazini. Fundi hatoi mataruma mawili yaliyo jirani kwa mara moja. Hutoa moja, akalitumia lile bovu kuwa kipimo cha jipya, akalipachika, akalipigilia, ndipo aliendeapo la pili. Mbao vivyo hivyo: hutoa ubao mmoja upande huu, na upande wa pili huuacha ili ushike sura.

Kwa taruma hauchongwi mti ulionyoka ukapindwa kwa tezo, kwa kuwa nyuzi zake zitakatika na taruma litapasuka kwa wimbi. Hutafutwa tawi lililokua limepinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Mlilana wa mikokoni na mtondoo husifiwa kwa kazi hii. Lakini siku hizi mikoko haikatwi bila ruhusa ya serikali, nayo ni sheria yenye maana, kwa kuwa samaki wengi hukulia humo. Kwa mbao hutumiwa mvule, mwembe na miti mingine, kila mahali kwa kadiri ya mwitu wake.

Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee, lisije likapasua ubao. Na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa pamba iliyolowa mafuta, ili maji yasifuate njia yake. Wazee wa kale hawakutumia msumari kabisa. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulishonwa kwa kamba za kumbi la nazi. Na kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja bandari ya pwani hii kwa jina la Rhapta, litokalo katika neno lao la kushona, kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa.

V. Kalafati na deheni

Mbao zikiisha kushika, huja kazi ya kukalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mafuta. Hapa ndipo wasiojua huharibu kazi yote. Waonapo nyufa pana zilizofanywa na jua, hushindilia pamba kwa nguvu hata zijae. Kisha mashua ikishuliwa, mbao hunywa maji, hufura, hazina nafasi ya kufuria, nazo husukumana hata zikang'oa misumari. Fundi mjuzi hulowesha mbao kwanza. Huweka magunia mabichi, au humimina maji ya bahari ndani siku kadha wa kadha. Ubao ukifura, nyufa nyingi hujifunga zenyewe. Zile zibakizo ndizo zizibwazo, tena kwa kiasi.

Kisha mbao za juu na za ndani hupakwa sifa, ndiyo mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake humtangulia baharia njiani. Sehemu ikaayo majini huchomwa kidogo kwa moto wa makuti, ili kuua kilichojishika, ikapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Wengine siku hizi hutumia rangi za madukani. Yote ni mamoja, mradi hurudiwa kwa wakati wake; kwa maana deheni si dawa ya siku moja, na mashua isiyopandishwa mara kwa mara na kupakwa itarudi kulala chini ya minazi.

VI. Tanga, na kushua

Tanga huinuliwa juu ya nuru na kutazamwa kitambaa kwa kitambaa. Palipopauka na kupwaya hukatwa na kutiwa kiraka. Foromali, mti uchukuao tanga, hukaguliwa pale miti yake miwili iungwapo kwa kamba. Henza ya kutwekea na gofia yake hujaribiwa kwa uzito, na demani ya kushikia pembe ya tanga hubadilishwa kabla ya nyingine zote, kwa kuwa ikikatika katika upepo, tanga halishikiki.

Siku ya kushua huchaguliwa bamvua pia, na watu wa kijiji hualikwa kuvuta. Lakini kazi haikuisha. Mashua hufungwa maji haba, ikaachwa inywe, na mtu mmoja hukaa na upo akifua maji. Maji yakipungua kila siku, mbao zafura vema. Yasipopungua, pana tundu, nayo hurudishwa pwani bila haya. Ndipo huendeshwa karibu na ukuta wa mwamba, katika upepo mpole, kabla ya kukabidhiwa kusi au kaskazi. Mtu aweza kumdanganya mnunuzi kwa rangi. Bahari haidanganyiki, na malipo yake ni roho za watu.

VII. Maneno

Katika kazi hii moja lugha zimekutana. Usukani, msumari, deheni na shahamu ni ya Kiarabu. Nahodha ni la Kiajemi. Tanga, kuunda, kuelea na kupwa ni yetu wenyewe. Demani ni kamba, tena ni jina la majira ya mwaka. Chombo kikikaa juu ya maji, chaelea; jambo likidhihirika, husemwa limenielea, na kulidhihirisha ni kueleza; sikio la mwenyeji husikia sauti moja katika yote mawili.

Maneno haya hayatunzwi kwa kamusi peke yake. Mwashiri hujulikana na yule aliyewahi kuutoa mbovu na kutia mpya. Pasipo mashua ya kutengenezwa, jina hukosa wa kulitaja. Kwa hiyo twawaomba waalimu walio pwani, Matondoni, Nungwi, Bagamoyo na kwingineko, wawapeleke wanafunzi kiwanjani kwa fundi. Na waandike kila jina pamoja na umoja wake na wingi wake, mahali liliposikiwa, na sentensi moja aliyoisema fundi mwenyewe akiwa kazini. Wasimsahihishe. Kama Lamu husema hivi na Unguja vile, yaandikwe yote mawili.