Toyota 110 au NZE? Inama kwanza utazame chini

Mpwa wangu amerudi kutoka Doha na akiba ya miaka mitatu. Anataka gari la teksi. "Mjomba, nichukue 110 au NZE?" aliniuliza. Nimeziendesha zote mbili, basi nikamweleza.

Zote ni Toyota Corolla. Ya 110 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1995, NZE ikaifuata mwaka 2000. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo utakayoipata leo imeshapita mikono kadhaa hapa hapa Kenya.

Injini ya 110 ina bloku ya chuma, na vali zake huendeshwa kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, gari hukuzimikia njiani. NZE ina cheni, ambayo hudumu ukibadilisha oili kwa wakati, na haili mafuta sana. Mpaka hapo NZE yashinda.

Lakini bloku ya NZE ni ya aluminiamu. Ikichemka sana huharibika upesi, na kuitengeneza ni ghali. Sisi Pwani tuna mazoea ya kutia rejeta maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Chumvi huziba njia za maji, injini ikachemka.

Chumvi iko hewani pia, nayo hula bodi. NZE tuliyoiona ilikuwa inang'aa. Nikapitisha sumaku chini ya milango, haikushika: ni puti juu ya kutu. Tukafungua rejeta injini ikiwa baridi, maji yana rangi ya chai. Mwenyewe akatuhimiza tulipe, eti kuna mteja yuko njiani.

110 ya mzee mmoja wa Mtwapa ilikuwa imepauka rangi, lakini sakafu nzima, rejeta safi, na hati ya umiliki ina jina lake mwenyewe. Mpwa wangu akaichukua. Pesa zilizobaki akabadilishia mkanda na pampu ya maji kabla ya kubeba abiria wa kwanza.

Ndugu msomaji, NZE nzima ni bora kuliko 110 nzima. Lakini 110 nzima ni bora kuliko NZE iliyooza. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Jasho la miaka mitatu ya ughaibuni lisinunue rangi.