Kutambua Aina za Miamba kwa Vipimo vya Kisima

Kisima cha mafuta au gesi kinapochorongwa, mwamba hutoka umesagika na kuchanganyika na tope la kuchorongea. Ili kujua tabaka lipi liko kina kipi, vifaa vya kupimia huteremshwa kisimani kwa kebo, kisha huvutwa juu huku vikisoma tabia za mwamba. Kipimo cha kwanza cha umeme cha aina hii kilifanywa mwaka 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa, na kampuni ya ndugu Conrad na Marcel Schlumberger.

Kipimo cha miale ya gama hutenganisha kwanza mwamba wa mfinyanzi na miamba mingine. Mwamba wa mfinyanzi una potasiamu, thoriamu na urani zinazotoa miale hiyo, hivyo husomeka juu. Wa mchanga na wa chokaa kwa kawaida husomeka chini. Hata hivyo, mchanga wenye feldspa nyingi ya potasiamu huweza kudhaniwa kuwa mfinyanzi.

Densiti huendeleza uchambuzi. Kwatzi, madini makuu ya mchanga, ina gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo. Kalsaiti ya mwamba wa chokaa 2.71, dolomaiti 2.87. Vitundu vyenye maji hupunguza viwango hivyo. Chombo kikisoma 2.54, mwamba waweza kuwa wa mchanga wenye vitundu asilimia 7, wa chokaa wenye asilimia 10, au dolomaiti yenye asilimia 18.

Utata huo hupunguzwa kwa kupima jinsi mwamba unavyofyonza miale ya gama yenye nishati ndogo: kwatzi husoma takriban 1.8, dolomaiti 3.1 na kalsaiti 5.1, na vitundu haviyumbishi sana namba hizi. Tope lenye baraiti, hata hivyo, hukivuruga kipimo hiki.

Nyutroni nazo hupima haidrojeni. Mfinyanzi, uliobeba maji mengi, husomeka juu. Gesi hushusha kipimo.

Vipimo hivi husomwa kwa pamoja, siku hizi mara nyingi kwa kompyuta. Programu hufunzwa kwa visima ambavyo wanajiolojia wameshachunguza vipande vyake vya mwamba, kama vya eneo la gesi la Panoma, Kansas, ambako miamba iligawanywa katika aina tisa. Aina zinazokaribiana ndizo huchanganywa zaidi, kwa kuwa hata vipimo vyake hukaribiana. Hivyo vipande halisi vya mwamba hubaki kuwa kigezo cha kusahihishia majibu ya kompyuta.