Gari la kikapu halimalizi hatari ya kukata mti

Mkaratusi ulioegemea paa la ghala la mahindi humnyima mwenyewe usingizi. Kwa kawaida humwita kijana mwenye panga na kamba, maana bei yake ni nafuu. Mwenye uwezo hukodi gari la kikapu, lile linalotumika kurekebisha taa za barabarani, akidhani hatari imekwisha.

Haijaisha. Tawi zito likiuangukia mkono wa gari, mkono huinama kisha hufyatuka, na aliye kikapuni hurushwa nje. Ndiyo maana mkanda wa usalama hufungwa kwenye mkono au kikapu, kamwe si kwenye mti. Miguu ya gari nayo, kwenye udongo uliolowa, huwekewa mbao nene chini.

Lakini jambo zito ni umeme. Nchini Tanzania na Kenya, nyaya nyingi zinazokatiza mashambani ni za volti 11,000 au 33,000. Kanuni za Marekani humtaka mkata miti asiye fundi wa umeme akae angalau mita 3 kutoka nyaya za hadi volti 50,000. Kikapu cha chuma hakizuii umeme, na tawi bichi huupitisha. Mti uliogusa nyaya ni kazi ya shirika la umeme, hata kama foleni yao inachosha.

Mkono ukigusa waya, walio chini wasiliguse gari wala kulisogelea hadi umeme ukatwe, hata kama aliye juu anaita.